Mama Enhe Anaondoka, na Mimi Bado Nashuku

Tarehe thelathini mwezi huu, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa ghorofa ya pili, tutamuaga mtangazaji wa kipindi cha mahojiano cha Mgeni Aketi baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi. Hayo ndiyo niliyoagizwa niandike, na nimeyaandika. Mimi ni fundi sauti wake tangu kipindi cha kwanza, yaani yule mtu wa nyuma ya kioo ambaye hakuna anayemuuliza maoni. Kwa hiyo mhariri wa jarida hili aliponijia na tabasamu kuniomba wasifu, nilijiuliza kwanza anataka nini. Akasema hakuna anayemjua mstaafu kuliko mimi. Nikamshuku zaidi.

Mstaafu wetu alianzia mapokezi. Siku moja mgeni wa kipindi alifika na mtangazaji hakufika, wakamweka yeye kitini kwa muda, mpaka apatikane mtu. Mtu hajapatikana hadi leo. Kipindi kilipohama redioni kwenda kwenye podikasti, miaka tisa iliyopita, alihama nacho pamoja na kiti chake kinacholia kila akigeuka. Nimekitia mafuta mara nyingi, na nashuku huwa anakilegeza makusudi.

Wageni wake walikuwa wa kila namna: mkunga, dereva wa winchi, mtaalamu wa nyota, daktari wa meno. Mfugaji nyuki ndiye aliyenitoa jasho. Katikati ya mazungumzo nikasikia mvumo kwenye spika zangu, nikasimamisha kazi. Saa nzima nabadilisha nyaya, nazima taa, nimeshamshuku mpaka fundi umeme wa jengo. Mstaafu wetu akamtazama mgeni, akamuuliza kwa upole lile boksi chini ya meza lina nini. Lilikuwa na nyuki, wamefungiwa vizuri tu, amewaleta kwa heshima ya kipindi. Tukaendelea, mimi nikiwa nimesimama juu ya kiti upande wangu wa kioo.

Siku ya fundi kufuli, mlango wa studio uligoma kufunguka, na fundi mwenyewe alikuwa ameacha vifaa vyake nyumbani kwa kuwa alitaka kupendeza. Wakaongea saa tatu mpaka akapatikana mtu wa kuufungua. Sijawahi kurekodi kipindi kitamu kama kile, na mpaka leo nashuku ni yeye mama aliyeubamiza ule mlango.

Wengi wanadhani siri yake ilikuwa maswali. Wapi! Alikuwa anaingia na maswali matatu, yameandikwa nyuma ya karatasi iliyokwisha tumika, na mara nyingi la tatu lilirudi bila kuulizwa. Kazi yote aliifanya kwa neno moja: enhe. Ilikuwepo enhe fupi, ya kumsukuma mgeni aendelee. Ilikuwepo ya kupanda, ya kuuliza halafu ikawaje. Na ilikuwepo ndefu, inayoshuka taratibu, ambayo maana yake ni kwamba hapo bwana umenipiga chenga, hebu rudi. Mwamuzi wa mpira alikula hiyo ndefu baada ya kudai kwamba hajawahi kujutia penalti hata moja. Alinyamaza, akanywa maji, akaanza kueleza penalti aliyoitoa miaka kumi na miwili nyuma, mpaka machozi yakamlenga. Ndiyo maana hapa ofisini tunamwita Mama Enhe.

Wasikilizaji wa podikasti hawalijui jina hilo, na kosa ni langu. Redioni tulikuwa hewani moja kwa moja, hapakuwa na cha kukata. Kwenye podikasti nikapewa nafasi ya kusafisha, basi nikasafisha kwelikweli. Kikohozi nakata, kiti kikilia nakata, na enhe zote nikakata, kwa kuwa niliziona ni uchafu unaoingilia maneno ya mgeni. Kila kipindi kilikuwa nazo mia mbili, mia tatu. Nilijiona hodari. Hakuna aliyeniagiza, na yeye hakujua, maana ana mwiko wake: hasikilizi vipindi vyake. Husema akijisikia kwenye spika anatafuta pa kujificha.

Miezi minne iliyopita akaleta barua ya kustaafu, na umri bado unamruhusu miaka miwili. Barua yenyewe ilikuwa na mistari miwili: amechoka, anataka kupumzika. Ati! Mwanamke aliyembana daktari wa meno mpaka akakiri kwamba yeye mwenyewe anaogopa kung'olewa jino, anatuletea mistari miwili! Nikasema hapa pana jambo.

Nilianza na meneja, nikashuku amemsukuma. Nilipita ofisini kwake mara tatu kwa visingizio, nikamkuta amenuna kuliko mimi. Nikashuku kituo kingine kimemnyakua, lakini dada wa mapokezi, ambaye ni rafiki yangu, akaniapia kwamba hakuna simu ya ajabu iliyoingia. Nikashuku lile goti alilopasuliwa mwanzoni mwa mwaka. Nikamvizia kwenye ngazi. Alipanda vizuri, akanipita, akaniuliza kama naumwa.

Jibu lilikuwa mezani kwangu siku zote. Tangu arudi kutoka likizo ya goti, nilikuwa namaliza kusafisha kipindi kwa nusu saa. Hapakuwa na cha kukata. Nilifurahi wiki kadhaa, mjinga mimi. Barua ilipokuja ndipo nikarudi kusikiliza rekodi mbichi, na humo hamkuwa na enhe hata moja. Alikuwa anauliza, ananyamaza, anatazama meza. Wageni nao walikuwa wanakauka. Mhandisi wa madaraja, tuliyempangia saa nzima, aliisha kwa dakika kumi na nane, akaomba aonyeshwe njia ya kutokea.

Mdogo wake ndiye aliyenimaliza. Alikuja wiki iliyopita kuchukua kiti cha dada yake, nami nikamzuia mlangoni kwa maswali. Akaniambia kwamba siku za goti dada alilala kwake, na yeye, katika kumchangamsha, akawa anamfungulia vipindi kimoja baada ya kingine. Dada alivumilia mpaka akafika kwenye cha mwamuzi wa mpira, kisha akaomba kizimwe. Akasema watu hawa wanaongea vizuri peke yao, wanalia peke yao, sasa yeye miaka yote hiyo alikaa pale anafanya nini? Mdogo mtu akadhani ni utani, akacheka. Dada hakucheka.

Nilikaa kwenye kile kiti, kikalia. Miezi minne namtafuta mchawi ofisi nzima, kumbe mkasi ninao mimi.

Kuanzia hapa naacha kuandika habari zake, namwandikia yeye, kwa sababu uso kwa uso sitaweza. Mama Enhe, hawakuwa wanaongea peke yao. Wewe ndiye uliyewatoa maneno, na mimi ndiye niliyekutoa wewe. Mwamuzi hakulia hivi hivi tu. Kabla ya kile kimya chake kulikuwa na enhe yako, na niliikata nikaenda kunywa chai. Imeniuma, na nakuomba radhi mbele ya wote.

Uzuri wa mtu anayeshuku kila kitu ni kwamba hafuti kitu. Enhe zako za miaka tisa ninazo zote, kwenye faili lililokuwa linaitwa Takataka, na jana nimelibadilisha jina. Kipindi cha mwamuzi nimekirudisha kama kilivyokuwa, pamoja na wewe na kiti chako, na tutakisikiliza pale ukumbini kabla ya hotuba yoyote. Meneja nimeshamsikilizisha. Alifuta miwani mara mbili akasema ni mafua. Simwamini.

Na wewe mhariri wa jarida, nakujua. Utasema ni ndefu, utataka kupunguza. Thubutu.

Mama, ukishikilia kwenda, nenda na shukrani zetu kwa vipindi elfu moja na sita. Goti likae sawa, usingizi uwe mtamu, na popote utakapoketi asikosekane wa kukusikiliza. Kiti kiko studio bado. Mdogo wako nilimwambia lifti ni mbovu. Ila barua yako sijaikubali. Umesema umechoka, unataka kupumzika.

Enhe?