Karatasi Isiyonywewa: Kumuaga Bwana Dominique, Mfasiri wa Hospitali

Bwana Dominique, mfasiri na msomaji wa hospitali yetu hapa Kasongo, aliingia kazini mwaka 1926 na ataiacha kazi tarehe 31 Desemba 1957. Ni miaka thelathini na moja. Masista wameniomba mimi, Pascaline wa chumba cha kupimia watoto, niandike wasifu wake kwa ajili ya karamu ya kumuaga, na wamenisihi niandike mema. Nitaandika ya kweli. Mema yakijitokeza njiani nitayapisha.

Msidhani niligombania heshima hii. Mpishi aliombwa kabla yangu akasema ana vyungu motoni. Seremala alisema hajui kuandika, naye ndiye anayetungia kwaya nyimbo zote za Pasaka. Basi kalamu ikanifikia.

Dominique alizaliwa Nyangwe, kando ya Lualaba, katika nyumba ya wavuvi, jambo analolitaja mara chache sana kuliko anavyoitaja kofia yake nyeupe. Alisoma shule ya misioni, akachukuliwa hospitalini awafasirie wagonjwa maneno ya dokta. Dokta husema Kifaransa. Wagonjwa husema Kingwana, yaani Kiswahili cha huku, au Kizimba au Kibangubangu. Dominique husimama katikati na kusema Kiswahili cha vitabuni ambacho hakuna hata mmoja kati yao aliyekiomba. Nilikuwepo siku alipomkatiza mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, aliyelia "mutoto iko anakuya", ili amfundishe namna iliyo safi ya kulisema jambo hilo. Mtoto hakungoja somo liishe.

Tunamjua pia kwa baiskeli yake, ambayo huisukuma kwa mkono ili tope lisiruke kwenye suruali yake nyeupe. Tunamjua kwa ile kadi ya serikali inayothibitisha kwamba mwenyewe amestaarabika, kadi ambayo wengine wetu tumeonyeshwa hata tukiwa tumebeba mabeseni ya damu. Na tunamjua kwa kijiko chake cha chuma, anachotembea nacho katika mfuko wa juu wa koti, asije akalazimika kula kwa mkono katika nyumba ya mtu. Kukiweka kijiko mfukoni si kosa. Kukitoa mbele ya mama aliyekupikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, na kukipangusa kwanza kwa leso, ni tusi.

Sasa nije kwenye kazi yake. Mwaka 1949 dokta alipokea kutoka Ulaya kijitabu cha wazazi wanaolea mtoto mwenye ugonjwa adimu wa ubongo, ule unaomfanya mtoto asikaze shingo, asikae, asiseme, na ameze kwa shida. Dokta alikuwa ameona watoto wachache tu wa namna hiyo kati ya Kasongo na Kabambare. Mmoja wao alikuwa binti yangu, Mado.

Dominique akapewa kijitabu akitie katika Kiswahili, naye akakitia chote kama kilivyo. Mfasiri mwingine angejiuliza wasomaji wake wanaishi wapi. Yeye aliwaagiza wazazi wa Kabambare wamkalishe mtoto karibu na dirisha la vioo, wampe maziwa ya ng'ombe kila asubuhi, wasimtoe nje wakati wa theluji, na wampeleke kwa daktari bingwa kwa treni ya karibu. Theluji aliieleza kuwa "mvua nyeupe inayolala chini". Mama mmoja, siku ya kupima watoto, aliuliza kwa adabu mvua hiyo hunyesha mwezi gani. Dominique alimjibu kwamba ujinga wake unatosha kuujaza Lualaba ukafurika.

Lakini ndani ya takataka hizo mlikuwa na kurasa mbili zenye thamani. Mfasiri hakuziona. Ukurasa wa kwanza ulisema ugonjwa huu si kosa la mama wala si laana ya mtu. Niliusoma nikalia, na sioni haya kusema hivyo, maana kabla ya hapo nilikuwa nimeshaulizwa na pande zote mbili za ukoo nilikula nini na nilimkosea nani. Ukurasa wa pili ulieleza kulisha: mtoto akae wima, kichwa kiinamishwe mbele kidogo, uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo, na mlishaji angoje mtoto ameze ndipo aongeze.

Kwetu mtoto hulishwa kwa kiganja. Bibi humlaza chali mapajani, hukinga kiganja mdomoni na kumimina uji. Mtoto hunywa au hulia, na akilia ndipo mdomo unapofunguka vizuri zaidi. Wengi wetu tumekua hivyo. Mado hakuweza. Alipaliwa kila mlo, uji ukamwingia kifuani, na kila mvua zilipoanza alishikwa na homa ya mapafu. Dokta aliniambia wazi kwamba akiendelea kulishwa hivyo hatafika miaka mitatu.

Wakati huo Mado alikaa Kabambare kwa mama mkwe wangu, kwa kuwa mimi nilikuwa kazini hapa, na mume wangu Gaston alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Mgeni ataniuliza kwa nini sikumwambia mama mkwe aache kiganja. Mtu wa huku hataniuliza. Mkamwana hamfundishi mama mkwe kulisha mtoto. Mama mkwe wangu amelea watoto tisa kwa kiganja kile kile, na mimi hata nikikohoa anapopika, kikohozi changu huhesabiwa kuwa jeuri. Basi nikampelekea kijitabu, ili karatasi iseme lile ambalo kinywa changu hakina ruhusa ya kulisema.

Mama mkwe hasomi. Alikipeleka kwa kaka yake, mzee Bulaimu, mwalimu wa chuo cha Kurani, anayesoma herufi za Kiarabu na si hizi zetu. Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Aliona kwamba ni maandishi, kwamba yametoka hospitali, na kwamba ni ya ugonjwa wa mtoto. Maandishi ya ugonjwa kwao yana njia inayojulikana: huandikwa sahanini, huoshwa kwa maji, na mgonjwa huyanywa. Ndilo kombe. Wino wa mashine ulipokataa kutoka, wakakichemsha kijitabu kizima. Kisha Mado akalazwa chali, akanyweshwa maji yale kwa kiganja. Binti yangu akapaliwa na theluji, treni na daktari bingwa.

Wakristo wenzangu msicheke sana. Hapa hapa Kasongo nimekiona kijitabu hicho hicho kimeshonewa ndani ya kitambaa pamoja na medali ya Bikira Maria na kufungwa shingoni mwa mtoto. Hakuna upande uliokifungua.

Habari za kombe zililetwa hospitalini na dereva wa lori la pamba. Dominique aliwaka. Hakuuliza Mado yu hali gani. Aliuliza kama walichemsha pamoja na jalada, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye jalada. Lori liliporudi Kabambare alipanda, yeye na kofia na baiskeli na nakala mpya ya kijitabu, aende akawafundishe washenzi, kama alivyowaita, kwamba kitabu husomwa. Niliomba ruhusa nikapanda nyuma, juu ya magunia. Mbele, karibu na dereva, alikaa Dominique, na baiskeli yake ikapewa nafasi nzuri kuliko yangu.

Tulimkuta mama mkwe uani, Mado yuko mapajani, chali, kiganja mdomoni. Dominique hakupiga hodi. Hakusalimu. Hakuuliza habari za shamba wala za msiba, na msiba ulikuwepo. Alisimama katikati ya uwanja akaanza kusoma kwa sauti kuanzia jalada. Mama mkwe alimtazama kwa upole anaowapa watu wenye homa ya kichwa, akasema, "Baba, ile karatasi tulishamunywesha mutoto. Iko mu tumbo. Ukae kwanza, ukule."

Akamimina uji tena. Mado akapaliwa. Macho yakageuka, midomo ikabadilika rangi. Mimi nilikuwa pale pale, kapu kichwani, ulimi umefungwa na heshima. Bulaimu alikuwa pale. Majirani walikuwa pale. Kila mmoja alimwona mtoto akikosa pumzi, na kila mmoja alikuwa na adabu nzuri.

Dominique alitupa kijitabu. Akapaza sauti, si kwa Kiswahili chake cha vitabuni bali kwa kelele za mtumbwini kwa baba yake: "Weye mama, iko unamuua huyu mutoto! Mukalishe! Mukalishe, weye!"

Naapa, uwanja wote uliganda. Mwanamume asiye wa ukoo, kumwambia bibi neno hilo, mbele ya mkamwana wake! Kabla mtu hajamkamata alikuwa ameshamnyakua Mado na kumwinamisha juu ya mkono wake. Uji ukatoka, wote, juu ya suruali nyeupe. Mado akavuta pumzi, akalia, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Hakuishia hapo, maana hajawahi kujua pa kuishia. Alikalia kigoda cha mama mkwe bila kuombwa, akamweka Mado wima kati ya magoti yake, akatoa kile kijiko mfukoni. Safari hii hakukipangusa. Alidai uji mzito, akaletewa, akamlisha mtoto kidogo kidogo huku akimtukana mama mkwe wangu katikati ya kijiko na kijiko. Alimtukana yeye, kiganja chake, chungu chake na mvuke wake. Mado alimeza. Alimeza mpaka bakuli likaisha, hakupaliwa hata mara moja. Mama mkwe alitazama yote. Kisha akanyoosha mkono: "Lete iyo kijiko, baba." Akapewa.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi nami sitalipamba. Adabu yangu ingemzika mtoto wangu. Aliyemwokoa ni yule mtu tuliyekuwa tukimcheka jikoni kwa kukosa adabu, na hata siku hiyo alikuja kwa ajili ya jina lake kwenye jalada. Sijui dokta ana dawa gani ya kiburi, lakini namshukuru Mungu kwamba hakuwahi kumpa Dominique.

Baada ya safari hiyo alikiandika upya kijitabu. Kukata theluji kulimuuma kama kukatwa kidole, na treni aliitetea mbele ya dokta mpaka Masista wakaingilia. Mwishowe ilibaki karatasi moja tu, yenye kurasa zile mbili na picha ya mtoto aliyekaa, kwa maneno ambayo mama yeyote wa sokoni anayaelewa. Juu kabisa pameandikwa: "Karatasi hii hainywewi, haichemshwi, haivaliwi shingoni. Isomwe kwa sauti mbele ya bibi wa mtoto." Hilo ndilo andiko bora kuliko yote aliyowahi kutoa, na ndilo pekee alilokataa kutia jina lake, akisema lugha yake ni ya aibu.

Tangu hapo karatasi haitumwi peke yake. Kila alipopatikana mtoto wa ugonjwa huu, kuanzia Nyangwe hadi vijiji vya mbali vya Kabambare, Dominique aliipeleka mwenyewe, akaisoma uani, akamlisha mtoto mbele ya ukoo, na akamtukana mama mkwe wa nyumba hiyo ili mkamwana asihitaji kufanya hivyo. Mama fulani wa Nyangwe aliniambia, "Ule muzee iko mubaya sana. Mungu amubariki." Wasichana wawili wa hapa hospitalini wameomba kuchukua kazi hiyo. Nimewajaribu. Wote wawili wanapiga hodi, wanasalimu, wanauliza habari za shamba. Watoto watakufa. Nimewaambia Masista hivyo hivyo, nao wameniambia basi nitakwenda mimi.

Nitakwenda. Nimeanza kujifunza. Juma lililopita, nilipokwenda Kabambare kumwona Mado, nilimwambia mama mkwe wangu kwamba uji wake una mabonge. Akaniuliza kama ninaumwa, kisha akaukoroga tena.

Mado sasa ana miaka kumi. Hatembei, hasemi, na hakuna kitabu cha Ulaya wala cha hapa kitakachobadilisha hilo. Lakini mvua huanza na kwisha yeye akiwa mzima, anacheka akisikia kengele ya baiskeli, na siku ya karamu atakaa mbele katika kiti alichotengenezewa na seremala wetu, yule asiyejua kuandika. Mama mkwe anamleta kwa lori kutoka Kabambare. Anasema ana matusi ya miaka saba ya kumrudishia mtu, na kuku.

Bwana Dominique, hospitali inakushukuru. Mimi nakushukuru, ingawa najua utaisoma shukrani hii ukiwa na penseli nyekundu mkononi. Unarudi Nyangwe kwa wavuvi uliowakana, nao watakucheka, na unastahili. Nenda ukaishi vizuri. Ukae wima, kichwa mbele kidogo, ule polepole, umeze ndipo uongeze. Wafanyakazi wamekununulia kijiko kipya. Kile cha zamani usikidai, kwa sababu bado kinatumika.