Toazi la Elfu Moja Mia Tisa Ishirini na Sita

Anayebisha na abishe, lakini mimi nilikuwepo, tena nilikalia ncha ile mbovu ya benchi, nikayaona yote kwa macho haya mawili. Pale kwenye kona, kati ya bucha na kibanda cha fundi saa, Kishindo alifika asubuhi amekumbatia toazi lake, ile sahani ya shaba ya kwenye dramu, utadhani amebeba mtoto wa kwanza. Bendi yao ya zamani ilikuwa inafufuliwa. Kiongozi mpya, binti wa rafiki yake marehemu, alikuwa amesema: mwenye toazi la kale la kweli ndiye atakayekalia kiti cha dramu. Angepita saa nne. Toazi Kishindo alikuwa nalo. Umri wa toazi ndio hakuujua. Upande wa chini palikuwa na wino uliofifia: 1926.

Fundi Saa akabana kioo chake jichoni.

— Mwaka huo, kaka. Kwisha maneno. Mficha uchi hazai. Mhunzi kaandika mwaka wake hadharani.

— Mwaka wapi! akadakia Profesa, aliyeacha shule darasa la saba na cheo akajipa mwenyewe. Hayo ni mapigo ya nyundo. Wahunzi wa zamani walihesabu.

— Walihesabiwa na nani?

— Na wake zao. Unadhani ndoa za zamani zilidumu kwa nini?

Kishindo akacheka kwa adabu, roho juu.

— Profesa, mimi nataka umri, sitaki ndoa.

— Basi tuhesabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakahesabu vishimo vya nyundo kwa chaki. Walipofika mia mbili na arobaini Fundi Saa akapiga chafya, kila mtu akatoka na namba yake.

— Tunajichosha, akasema Fundi Saa. Ni tarehe. Kumi na tisa, mwezi wa pili, mwaka wa sita.

— Wa sita wa nini?

— Wa mfalme.

— Mfalme yupi?

— Aliyekuwepo! Unataka nikuletee picha yake?

Profesa akashusha kikombe cha kahawa taratibu.

— Namba ya simu hiyo. Enzi zile simu zilikuwa na tarakimu nne. Toazi likipasuka, unampigia mhunzi.

— Leo atapokea nani?

— Mjukuu. Mti hauendi ila kwa nyenzo.

Hakuna aliyejua nyenzo imeingiaje hapo, lakini wote wakatikisa vichwa, maana kahawa ilikuwa bado ya moto.

Binti akatokea.

— Shikamoo, baba mdogo.

— Marahaba, mwanangu. Toazi hili hapa. La mwaka elfu moja mia tisa ishirini na sita!

Binti akaligeuza, akasoma, hakucheka. Akaingia nalo buchani, akaliweka kwenye mizani.

— Kilo moja na gramu mia tisa ishirini na sita, muuza nyama akapaza sauti. Bila mfupa!

Fundi Saa akavua kioo. Profesa akaanza kusoma masalia ya kahawa.

— Ni uzito, baba mdogo, akasema binti. Ila la kale ni la kale. Ona vishimo vilivyokaa ovyo ovyo. Hii ni nyundo ya mkono, si mashine. Na mhuri wa karakana umekaribia kufutika. Toazi ni la kweli.

Kishindo akasimama. Moyoni alishakalia kiti.

— Sasa wewe mwenyewe, akauliza binti, mara ya mwisho umelipiga lini?

Wanaume waliojua mwaka wa mfalme na simu ya mhunzi, tarehe hiyo moja ikawashinda.

— Juzi tu, mwanangu, akasema Kishindo.

Binti akalirudisha toazi mikononi mwa Kishindo, akaaga kwa heshima zote, akaondoka.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa hiyo "juzi tu". Hiyo nimeitia mimi, kumsitiri. Kishindo alijaribu kukunja vidole vya mkono wa kulia kama anayeshika kijiti cha dramu. Viwili vilikataa.