Mzee Chomoa, Fundi wa Mawimbi ya Ubongo

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi redio na mshona nguo. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyo alijifunza kutambaa kwa kufuata nyaya, na makofi aliyokula kwa ajili hiyo hayana idadi.

Alimaliza sekondari mwaka 1975 na chuo cha ufundi umeme mwaka 1978. Mwaka uliofuata aliajiriwa hospitalini, chumba namba 14, akakabidhiwa mashine ya kupimia mawimbi ya ubongo. Mawimbi hayo ni madogo mno. Umeme wa taa au feni ukipenya kwenye waya, huyafunika yote, na kazi yake ilikuwa kuuondoa.

Juni 1984 aliletewa binti wa miaka sita aliyekuwa akianguka darasani. Karatasi ya mashine ilijaa mtetemo wa umeme, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Marehemu alikaza kichujio cha mashine mpaka mistari ikalainika, na vichomo vidogo vya wimbi vinavyoonyesha kifafa vikafutika pamoja na uchafu. Daktari akaona karatasi safi, akamrudisha mtoto nyumbani bila dawa. Wiki tatu baadaye mtoto alianguka kwenye beseni la maji, akafa. Marehemu aliagiza jambo hili lisomwe leo.

Tangu hapo alichomoa kwanza kila plagi chumbani, hata feni ya mganga mkuu, ndipo alipopima. Wenzake wakambandika jina la Mzee Chomoa.

Tarehe 13 Desemba 1986 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye analalamika hadi leo kwamba hakuwahi kupiga pasi nguo mbili mfululizo bila mumewe kuichomoa. Walijaliwa mwana na binti. Binti alirithi kazi ya baba yake, na chumba kilekile.

Alisumbuliwa na shinikizo la damu tangu 2015. Tarehe 3 Agosti 2023 mshipa ulipasuka kichwani, akawa anapumua kwa mashine. Siku ya sita daktari aliagiza mawimbi yapimwe kuona kama ubongo ungali hai, na fundi wa zamu alikuwa binti yake. Kwenye mistari kulionekana mtetemo mdogo usiokoma. Mama yake aliuona, akamshika mkono.

“Yupo. Baba yako yupo. Usiguse kitu, mwanangu.”

Binti alitamani sana kutii. Alichomoa taa. Alichomoa pampu ya dawa, ikaendelea kwa betri. Mwisho aliinama, akachomoa plagi ya kitanda cha umeme, na mistari yote ikanyooka.

“Kilikuwa kitanda, mama,” alisema.

Vipimo vingine vilithibitisha kwamba ubongo umekufa, na marehemu alitangazwa kufariki saa nane mchana, tarehe 9 Agosti 2023.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne na dada mmoja. Ameacha pia mama wa yule mtoto wa 1984, ambaye marehemu alimwendea kila Juni kumwomba radhi, na ambaye leo ameketi pamoja na familia. Tumwache apumzike.