Straton na Mtu wa Kashebere

Baada ya miaka kumi na minane ya kubeba mfuko wa barua wa kampuni yetu, Papa Straton Nzabandora anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1957. Nimeambiwa niandike haya kwa furaha. Nitajaribu, ingawa na mimi nimechoka.

Alianza mwaka 1939. Alitoka Masisi na mfuko hadi kibandani Kashebere, katikati ya njia. Pale mbebaji mwenzake, Faustin, aliupokea akaupeleka mgodini Walikale, na Straton akalala. Mwaka 1943 Faustin alipelekwa msituni kugema mpira wa vita, hakurudi. Ofisi ilimwomba Straton afike Walikale mwenyewe, kwa muda tu. Muda huo uliisha wiki iliyopita.

Hakupoteza hata bahasha moja. Mvua ikimkuta, koti lilivaliwa na mfuko. Yeye alifika kwangu, karani wa ofisi ya Masisi, akitetemeka, anacheka, anadai chai.

Mwaka 1949 mwuguzi Mwingereza wa misheni, aliyekuwa akingojea barua ya mama yake, alimweleza asili ya neno lao "post". Lilitoka Italia, na maana yake ni kilichowekwa mahali. Zamani watu na farasi waliwekwa njiani, kituo hadi kituo, ili aliyechoka ampe mwenzake: barua iendelee, yeye apumzike. Straton alikuja ofisini moja kwa moja.

"Kumbe hii kazi haiko ya muntu moya! Karani, andika: baniwekee muntu Kashebere."

Niliandika, na kila Januari nikaandika tena. Mkurugenzi alikaa Walikale, kwa hiyo maombi hayo Straton aliyabeba mwenyewe, siku nne kwa miguu, na majibu akayarudisha mwenyewe. Hajui kusoma. Mimi ndiye niliyemfungulia na kumsomea: kwa sasa hakuna mtu. Naona aibu mpaka leo.

Barua ya kustaafu kwake pia aliibeba yeye. Wiki iliyopita, safari ya mwisho, alimkuta Ndayambaje amesimama mlangoni Kashebere. Kampuni imeajiri watu wawili kushika kazi yake, na huyu ni mmoja wao.

"Njo weye muntu wa Kashebere?" Straton alimwuliza.

"Njo miye, Papa. Leta mufuko."

Alimpa, akakaa chini, akalia.

Asante, Papa Straton, na utusamehe. Tunakutakia siku nyingi za kukaa tu. Karatasi hii usije kuichukua ofisini. Nitaileta nyumbani kwako Muheto mwenyewe, kwa miguu, nikusomee.