Nevzat Tuncel na Paka Asiyemjua

Marehemu Nevzat Tuncel alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 mjini Kastamonu, mtoto wa mwisho na wa kiume pekee wa Bwana Rıfat, fundi viatu, na Bi Saadet. Dada zake walimbebea mkoba hadi mlango wa darasa. Hakuwahi kujiuliza nani angembebea baadaye. Daima alipatikana mtu.

Alisoma hapohapo Kastamonu, kisha chuo cha ualimu Istanbul, akahitimu mwaka 1968. Alifundisha shule ya msingi Üsküdar, hukohuko Istanbul, hadi alipostaafu. Wanafunzi wake husema alikuwa na sauti nzuri, na ni kweli. Nyumbani aliitumia hiyohiyo.

Tarehe 14 Juni 1974 alimwoa Müjgan, mwalimu wa uchoraji shuleni hapo. Mwaka 1986 kilitoka kitabu kilichowaleta wengi wenu hapa leo: Kestane Atembea Istanbul, habari za paka wa kahawia anayepanda feri bila tiketi, anayelala juu ya mazulia ya Soko Kuu na kuwaibia wavuvi wa darajani. Maneno yake ni machache, na marehemu aliyaandika akiwa kitini, kwa sababu paka walimpigisha chafya na feri zilimtia kichefuchefu. Picha zote alizichora Müjgan, ambaye kwa majira mawili ya baridi alimfuata paka wetu wa nyumbani vichochoroni, karatasi zake kazificha ndani ya koti zisilowe. Jalada lina jina moja.

Müjgan, mama yangu, aliuliza lake liko wapi.

"Majina mawili yatalibana jalada, mke wangu."

"Basi ungetoa la paka," Mama akajibu, akaenda kutazama dengu jikoni. Hakuuliza tena.

Kisa kimoja chepesi, kwa heshima ya siku hii. Shule moja ya mtaa wa jirani, Kadıköy, ilimwalika marehemu awasomee watoto. Msichana mdogo akanyoosha mkono. "Babu, mbona Kestane hana ncha ya sikio la kushoto?"

Baba alivaa miwani, akaitazama picha kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. "Ni kivuli tu, mwanangu."

"Kivuli kila ukurasa?"

Darasa zima likacheka. Kwenye basi la kurudi Mama alimwambia, "Nevzat, ulimbana paka wetu sikio na mlango wewe mwenyewe."

Baba akasema, "Paka gani?"

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Januari mwaka huu. Wageni walikuja na kitabu, wakakisifu, naye akawashukuru huku Mama akimmenyea tufaha. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 11 Novemba 2024. Mama alikuwa amemshika mkono.

Ameacha dada mmoja, Bi Nezahat, binti mmoja, Şule, anayewasomea haya, wajukuu wawili, na mjane, Müjgan Tuncel, mchoraji wa Kestane. Haya maneno matatu ya mwisho yanachapwa leo kwa mara ya kwanza.

Baada ya sala imamu atatuuliza kama tunamhalalishia marehemu haki zetu, yaani kama tunamsamehe alichotukosea. Tumezoea kuitikia wote kwa pamoja, hata kabla swali halijaisha. Leo tunawaomba mnyamaze. Mama amesimama nyuma, upande wa wanawake, na wa kwanza kujibu ni yeye. Akikawia, subirini. Kisha Mungu ampumzishe kwa amani.