Swali Nililowapelekea Majirani Zetu wa Ujiji

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu, naye atukuzwe kwa haya nitakayoyasema. Wengi mnaniita profesa. Leo, ndugu zangu, nataka mjue nilijifunzia wapi kuuliza.

Nimezaliwa Ujiji. Mama yangu aliletwa akiwa mchanga kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Hapa ndipo alipokulia, akaolewa, akabatizwa. Jirani yetu, Mama Neema, alikuwa shoga yake. Walianika dagaa pamoja na kuimba kwaya moja, na Neema mdogo alizoea kulala mgongoni kwa mama yangu.

Nikiwa sekondari, Neema aliugua homa kali akafa. Matanga hayajaisha, maneno yakaanza: yule mwanamke wa ng'ambo ndiye aliyemroga mtoto. Mama alipokwenda msibani, wanawake walimzuia mlangoni. Watu tuliosali nao wakaacha kutujibu hata "mwakeye", salamu yetu ya asubuhi ya Kiha. Mawe yalipoanza kurushwa juu ya bati letu, tukahamia Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini.

Ndugu zangu, niliondoka na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na chuki. Nikaenda chuo kikuu kusoma sheria, nikiwaza kuwaburuza wale watu mahakamani. Huko nikajikuta katika darasa la sosholojia kwa sababu tu ratiba ilitaka hivyo. Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi jamii inavyoamua nani ni mwenzetu na nani ni mgeni. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, inakuwaje watu wema wamgeuke mtu waliyemjua maisha yao yote?"

Akaweka chaki chini. "Sijui. Umewahi kuwauliza wao?"

Swali hilo halikuniacha. Chuki yangu ilikuwa na majibu tayari, haikuwahi kuuliza chochote. Nikaacha sheria. Tangu hapo utafiti wangu umekuwa huo: uvumi unavyozaliwa msibani, na jirani anavyogeuzwa mgeni. Nikaenda Kidahwe, nikaenda Mwandiga, nikaketi na wajane waliosingiziwa uchawi. Ujiji nikaikwepa. Lakini kila nilipoomba, moyo uliniambia: na Ujiji je?

Mwisho nikaenda. Nikasimama mlangoni kwa Mama Neema. Nikamwomba Mungu anipe masikio kwanza, maneno baadaye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Wewe ni mtoto wa shoga yangu."

Nilipomuuliza ilikuwaje, alinitandikia mkeka. Kisha akasema, "Kila aliyekuja kunipa pole alinitajia jina la mama yako. Nikawaambia, jamani, mtoto alikuwa na homa. Wakaanza kunitazama mimi. Wakaulizana kwa nini namtetea, au labda tulishirikiana. Nikaogopa, mwanangu. Nikanyamaza."

Ndugu zangu, nilikwenda kumtafuta adui, nikamkuta mama aliyefiwa na mtoto na rafiki kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemuuliza. Nililia pale kwenye mkeka wake. Kile kitu kizito nilichokibeba tangu sekondari kilitoka. Sikukitoa mimi. Bwana alikitoa.

Nikamwomba twende Mwanga. Mama yangu alikuwa akiparua samaki uani. Alipomwona aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaja. Mama Neema akaanza kuomba msamaha, lakini mama akamkatiza.

"Ngoja. Msiba wako sikuruhusiwa kuuingia. Kwanza nikupe pole ya Neema."

Wakashikana, wakamlilia yule mtoto kama amekufa asubuhi hiyo.

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Bado nafanya utafiti, na bado yako mengi nisiyoyaelewa kuhusu sisi wanadamu, wala sioni haya kulisema hilo mbele ya wanafunzi wangu. Na wewe uliyekaa hapo, uliye na mtu usiyeweza kumsalimia, mtegemee Yesu akusindikize hadi mlangoni kwake. Ukifika, muulize ilikuwaje, kisha umsikilize mpaka amalize.