Trei Anaenda Kuonjeshwa Mvinyo

Kijiwe cha Mama Kahawa ni benchi moja tu mbele ya gereji, lakini ukikaa hapo utaondoka na kila jibu isipokuwa lile ulilolifuata. Mchana huo Trei, mhudumu wa hoteli ya jirani, alikaa ukingoni na kikombe chake cha kahawa. Muda si mrefu mwalimu wa mvinyo angewapitisha tena wahudumu glasi kwa glasi, safari hii mbele ya meneja: nusa, onja, tema, sema ni ya mkoa gani wa Italia. Akikosea, anarudi jikoni kuosha vyombo. Na mkewe, mjamzito, alikuwa hajaambiwa kitu.

— Hebu rudia somo, alisema Spana, fundi gari.

— Ya Piemonte inakausha mdomo. Ya Toskana ina uchachu, inanukia tunda la cheri. Ya Sisilia nzito... Jamani, naogopa!

— Cheri umewahi kula?

— Wapi!

— Basi hiyo ruka. Piemonte si milimani? Wahenga walisema milima haikutani. Kwa hiyo ya huko haifanani na nyingine. Umeshapata moja!

— Mbili, alidakia Wakili, muuza viatu ambaye mahakama aliiona kwa nje tu. Sisilia kisiwa. Ukisikia chumvi, taja kisiwa.

— Mwalimu hakusema chumvi, kaka.

— Mwalimu akupe siri ya mtihani? Amka, wewe!

Trei alikumbuka somo la juzi. Alimeza glasi zote, maana aliona aibu kutema mbele ya mwalimu, mwanamke wa umri wa mama yake. Kufikia za mwisho alikuwa amelewa, hakuzijua kabisa.

— Ulimi wako umelala, alisema Spana, akatoa karafuu mfukoni. Dawa ya moto ni moto. Tafuna!

Akatafuna. Mwoga hachagui dawa. Machozi yakamtoka, Spana na Wakili nao wakatafuna kumuunga mkono.

Mama Kahawa alikuwa ameenda kuteka maji alipofika dada mmoja, mgeni kijiweni.

— Shikamooni. Eti kahawa ya hapa ina sukari?

— Marahaba. Inategemea, alisema Wakili.

Spana alionja, akakohoa, akamgeukia Trei. Trei akapiga funda, akalizungusha mdomoni alivyofundishwa. Alisikia moto tu. Akapiga la pili. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi.

— Dada yangu, sijui, alisema.

— Trei! Sauti iliita kutoka mlango wa hoteli. Fanya haraka, mwalimu ameshamimina!